Mtawala, Kigoda na Deni: Abu al-Fida wa Hama Akisomwa Pamoja na Simulizi ya Milansi ya Ufipa

Historia iliyotungwa na mwenye madaraka hutiliwa shaka hata kabla haijasomwa. Hoja inayotumika ni nyepesi kueleweka: aliyekalia kiti hawezi kusimulia kwa haki jinsi kiti hicho kilivyopatikana. Kwa kipimo hicho, Basekabaka be Buganda ya Apolo Kaggwa (1901) husomwa kama utetezi wa Katikiro kwa enzi aliyoitumikia, na Habari za Wakilindi ya Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemy, iliyochapwa kwa sehemu kati ya 1895 na 1907, husomwa kama kazi ya mtu aliyekuwa karibu mno na jumba la Wakilindi. Kipimo hicho kinafaa kugundua majigambo. Hakitoshi, hata hivyo, kueleza kwa nini watawala wanaosimulia chimbuko la enzi yao huacha ndani ya simulizi ushahidi unaowapunguzia hadhi.

Tahakiki hii inashikilia kwamba ushahidi huo haubaki kwa bahati mbaya wala kwa uzembe wa mtungaji. Mtawala hulazimika kumtaja anayemdai, kwa sababu uhalali wake umetoka mikononi mwa mdai huyo. Kwa hiyo historia ya mtawala inapaswa kusomwa kwanza kupitia deni inalolikiri, kisha ndipo zisomwe sifa zake. Matini mbili zinatumika kuijaribu hoja hiyo: simulizi ya Milansi, ambayo ndiyo simulizi ya chimbuko la utawala wa Ufipa, na Mukhtasar, historia iliyoandikwa kwa Kiarabu na Abu al-Fida, mtawala wa Hama katika Syria, mwenye asili ya Kikurdi, aliyeishi kati ya 1273 na 1331. Zimetengana kwa lugha, dini na karne. Zinakutana katika swali moja: mgeni aliyepata enzi anamsimuliaje mwenyeji?

Kigoda cha Milansi

Uwanda wa juu wa Ufipa umekaa kati ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na bonde la Ziwa Rukwa upande wa mashariki, na Sumbawanga ndio mji wake mkubwa. Kabla ya ukoloni uwanda huo ulikuwa chini ya ukoo wa Watwa, ambao haupaswi kuchanganywa na wawindaji wa misituni wanaoitwa kwa jina linalofanana nao katika nchi za Maziwa Makuu. Ukoo huo uligawanyika ukazaa enzi mbili, Nkansi na Lyangalile. Jina la ya kwanza bado linasikika katika Wilaya ya Nkasi ya leo.

Simulizi ya chimbuko inasema kwamba kabla ya Watwa ulikuwapo utawala wa Milansi, na mwene wake wa kwanza, Ntatakwa, alishuka kutoka mbinguni dunia ilipoanza. Siku moja mwene wa Milansi alikwenda kuwinda. Kabla ya kuondoka aliwaonya aliowaacha nyumbani kwamba wageni watafika, na kwamba wasiwape kigoda cha enzi wakikalie. Wageni walifika kweli, nao walikuwa wanawake. Walipokelewa, na kigoda kikakaliwa. Mwene aliporudi alikuta jambo limekwisha kutendeka. Wageni wakaichukua nchi, naye akabaki na Milansi na eneo dogo linaloizunguka, chini ya mlima Itwelele, akiwa na heshima ya kikuhani ambayo Watwa hawakuipokonya.

Namna za kusimulia ni zaidi ya moja, na hapa umetolewa muhtasari tu wa yale yaliyo ya msingi. Hata kwa muhtasari huo, mhakiki anapaswa kustaajabu. Ukoo wa Watwa ulikuwa na nafasi ya kutunga chimbuko lenye fahari zaidi. Ungeweza kudai kwamba uliikuta nchi tupu, au kwamba wenyeji walikuwa wakidhulumiana na wakaomba mtu wa kuwaamua, au kwamba mababu walishinda vitani. Simulizi ya Wakilindi, kwa mfano, inampa Mbegha sifa ya mwindaji mkarimu anayeua nguruwe waharibifu na kugawa nyama hadi watu wa Usambaa wanamtaka awe mfalme wao. Mbegha ni mgeni pia, lakini ni mgeni anayedai: wenyeji ndio wanaolipa, na wanalipa kwa kumpa nchi.

Milansi haifanyi hivyo. Hakuna vita, hakuna zawadi, hakuna ombi la wenyeji. Kilichopo ni adabu ya nyumbani iliyotumiwa vibaya: mgeni amekaribishwa, akakaa mahali asipopaswa kukaa, na kukaa kwake kukawa enzi. Zaidi ya hapo, anayepoteza ndiye mwenye akili kuliko wote katika simulizi. Aliona kitakachotokea na alikwisha kuonya. Watwa wanashinda kwa sababu mwenye maono hakuwapo nyumbani, na simulizi haijaribu kuficha jambo hilo.

Roy Willis, aliyefanya utafiti Ufipa mwanzoni mwa miaka ya 1960, ndiye aliyeijadili simulizi hii kwa kina kuliko yeyote. Katika makala yake ya 1967 aliisoma kwa mkabala wa kimuundo uliotokana na Claude Lévi-Strauss: Milansi ikawa kichwa, Watwa wakawa kiuno, na simulizi nzima ikawa mizani ya jozi zinazokinzana, wazee na vijana, wanaume na wanawake, hekima na nguvu. Usomaji huo una uzuri wake, na bila kazi ya Willis hoja za hapa zisingewezekana. Tatizo lake ni kwamba jozi hazina mtungaji. Mtu akiuliza ni nani alinufaika kwa kuiacha Milansi ndani ya simulizi, na ni nani angeumia ikiondolewa, muundo hauna jibu. Katika A State in the Making (1981) Willis mwenyewe alisogea kuelekea historia, lakini hata humo msimulizi wa Kifipa anaonekana zaidi kama chombo kinachohifadhi fikra za jamii kuliko kama mtu mwenye upande.

Hapa ndipo matini ya Hama inapohitajika. Watwa hawakuacha maandishi ya mikono yao. Hivyo ni vigumu kuonesha moja kwa moja kwamba mtawala mgeni huhifadhi sauti ya aliyemrithi kwa kujua anachofanya. Kwa Abu al-Fida tunalo jina la mtungaji, tunavijua vitabu alivyovitumia, na tunajua alikuwa ameketi wapi alipoandika.

Mtawala kwa hisani

Abu al-Fida alizaliwa Dameski mwaka 1273, wakati jamaa zake walipokuwa wameikimbia Hama kwa hofu ya Wamongolia. Alikuwa wa kizazi cha Taqi al-Din Umar, mpwa wa Salahuddin Ayyub, aliyepewa Hama na ami yake na kuanzisha tawi la ukoo wa Ayyub lililotawala mji huo wa kando ya mto Orontes. Wakati Abu al-Fida anakua, enzi ya ukoo huo kwingineko ilikuwa imekwisha. Misri na Syria zilikuwa mikononi mwa Wamamluki, askari waliokuwa watumwa wa masultani wa Ayyub kabla ya kujitwalia nchi. Hama ilisazwa, nayo ikawa kisiwa cha ukoo wa zamani ndani ya dola ya watumishi wao.

Alianza vita akiwa mtoto. Akiwa na miaka 12 alikuwapo katika mazingiwa ya ngome ya Marqab (1285), kisha Tripoli (1289) na Akka (1291). Mwaka 1299 binamu yake aliyetawala Hama alikufa bila mrithi, na Wamamluki wakaukabidhi mji kwa maamiri wao. Kwa zaidi ya miaka kumi Abu al-Fida aliwatumikia watu waliokalia kiti cha baba zake. Kilichomrejesha ni urafiki na Sultani al-Nasir Muhammad, aliyemfanya gavana wa Hama mwaka 1310, akampa cheo cha kifalme mwaka 1312, na mwaka 1320, baada ya kuhiji pamoja, akampandisha kuwa sultani kwa jina la al-Malik al-Mu'ayyad. Mtu anayepewa usultani na sultani mwingine hawezi kusahau kwamba kilichotolewa chaweza kutwaliwa.

Katika hali hiyo aliandika vitabu viwili vilivyomfanya ajulikane. Kimoja ni Taqwim al-buldan, jiografia iliyopangwa kwa majedwali na kukamilika mwaka 1321. Humo zimetajwa Malindi, Mombasa na Sofala katika nchi ya Zanji, kwa kuwategemea waandishi waliomtangulia kama Ibn Said, kwani mwenyewe hakuwahi kufika pwani hiyo. Bara, ilikokuwa Ufipa, haimo. Kitabu cha pili ndicho kinachohusika hapa: al-Mukhtasar fi akhbar al-bashar, historia ya walimwengu inayofika mwaka 1329.

Jambo la kwanza la kuzingatia katika Mukhtasar ni chanzo chake kikuu. Kwa karne za kabla ya uhai wake Abu al-Fida alifupisha kwa kiasi kikubwa kazi ya Ibn al-Athir wa Mosul. Uamuzi huo si wa kawaida kwa mtu wa ukoo wa Ayyub. Ibn al-Athir alikuwa mtu wa upande wa nyumba ya Zangi, yaani mabwana ambao baba na ami wa Salahuddin waliwatumikia na ambao Salahuddin aliwarithi bila kuachiwa wasia. Alimwandika Salahuddin kwa heshima iliyochanganyika na shaka. Walikuwapo waandishi wengine waliomsifu Salahuddin kwa moyo mweupe, na mtawala aliyetaka kujipamba angewachagua hao.

Mfano ulio wazi zaidi ni habari ya chuki ya chinichini kati ya Nur al-Din, bwana, na Salahuddin, mtumishi aliyekwisha kuishika Misri. Ibn al-Athir anasimulia kwamba Salahuddin aliposikia Nur al-Din anakuja na jeshi, aliwakusanya jamaa na maamiri akawauliza shauri. Taqi al-Din Umar alisema wapigane naye na kumzuia. Ayyub, baba yake Salahuddin, akamkaripia mbele ya watu wote, akisema kwamba yeye binafsi angemwona Nur al-Din angeshuka na kuibusu ardhi mbele yake. Kisha, walipobaki faraghani, baba akamweleza mwanawe kwamba maneno yale yalikuwa ya kumfikia Nur al-Din masikioni, na kwamba bwana huyo akitaka hata muwa mmoja wa Misri, yeye mwenyewe angempiga vita.

Abu al-Fida aliihifadhi habari hii kwa ufupi, na Taqi al-Din Umar hakumwondoa. Huyo ndiye babu yake, mwasisi wa nyumba ya Hama. Mtungaji mwenye kalamu mkononi, aliyefupisha kitabu kikubwa na kuacha mengi, hakuuacha ukurasa unaomwonesha babu yake akiwa mtu wa papara aliyekemewa hadharani na ukoo mzima ukiwa watumishi waliojifunza kuficha nia. Uchaguzi huu una nguvu ya ushahidi kuliko dibaji yoyote. Tena haukuwa wa kutojua, kwani Abu al-Fida alisoma kwa Ibn Wasil, kadhi wa Hama na mwanahistoria wa ukoo wa Ayyub, ambaye kitabu chake nacho alikitumia. Toleo la upande wa nyumbani alilijua vizuri.

Kwa nini aliacha ibaki? Kudai kwamba alikuwa mkweli kwa tabia ni kujibu kwa haraka. Jibu linaloafiki nafasi yake ni kwamba habari ya mtumishi aliyemrithi bwana ilikuwa imekwisha kugeuka. Kwa wakati wake watumishi waliorithi walikuwa Wamamluki, na nyumba ya Ayyub ndiyo iliyokuwa imerithiwa. Kusimulia bila kificho jinsi babu zake walivyopata nchi kwa mabwana zao kulikuwa ni kuutambua utaratibu uleule uliomweka al-Nasir Muhammad Kairo, na uliomrejesha yeye Hama. Deni la zamani kwa Zangi na deni jipya kwa Wamamluki yameandikwa kwa wino mmoja.

Katika sehemu inayohusu maisha yake mwenyewe sauti inabadilika, na pengine ndiyo sehemu inayosomeka kwa raha kuliko zote. P. M. Holt aliitafsiri kwa Kiingereza mwaka 1983. Katika habari za Akka hakuna ushujaa wa mwandishi. Kuna mkokoteni. Wanajeshi wa Hama walipewa kazi ya kusafirisha kutoka Hisn al-Akrad vipande vya mtambo mkubwa wa kurushia mawe, ulioitwa al-Mansuri, na Abu al-Fida, aliyekuwa amiri wa askari kumi tu, alikabidhiwa mkokoteni mmoja. Ilikuwa majira ya baridi. Mvua na theluji ziliwakuta njiani, maksai wakadhoofika na kufa, na safari ambayo farasi huimaliza kwa siku nane iliwachukua mwezi mzima. Mtu aliyekuja kuwa sultani aliona inafaa kukumbukwa kwamba katika ushindi mkubwa wa zama zake alikuwa akihangaika na ng'ombe.

Baada ya 1310 kurasa zinajaa orodha: safari za Kairo, zawadi alizopeleka, joho na farasi alizopewa. Wasomaji wengi huchoshwa na kurasa hizi na kuziona ni majivuno. Zikisomwa kwa mkabala unaopendekezwa hapa, zinageuka kuwa daftari la mdaiwa. Kila joho limeandikwa pamoja na aliyelitoa. Udhaifu wa kweli wa Mukhtasar uko mahali pengine, nao haupaswi kufunikwa: humo al-Nasir Muhammad hahukumiwi. Mdaiwa anaweza kueleza deni. Kumhukumu mdai aliye hai ni jambo jingine.

Mtawala anapoandika kama mdai

Hoja ya deni ingekuwa dhaifu kama ingeafiki kila mtawala aliyeandika. Tito Winyi, Omukama wa Bunyoro kuanzia 1924, alichapisha katika Uganda Journal kati ya 1935 na 1937 historia ya wafalme wa Bunyoro-Kitara kwa herufi za K.W. Yeye hakuandika kama mdaiwa. Waingereza walikuwa wameipa Buganda sehemu za nchi yake katika miaka ya 1890, na urefu wa nasaba ukawa sehemu ya madai ya kurudishiwa. David Henige alionesha baadaye namna orodha za wafalme wa eneo hilo zilivyorefuka kwa kushindana na zile za Buganda. Madai yenyewe yalikuwa na msingi, na kura ya 1964 ilizirudisha Buyaga na Bugangaizi. Lakini matini imebeba alama ya haja yake. Ndani yake wageni waliopata enzi wanaunganishwa na waliowatangulia kwa damu, na nyufa zinazibwa. Mtawala anayedai huziba, na anayedaiwa huacha wazi.

Kwa mwanga huo simulizi ya Milansi inasomeka upya. Watwa walihitaji Milansi iendelee kuwapo, kwa kuwa enzi iliyopatikana kwa kukalia kigoda ina thamani kadiri kigoda kilivyokuwa na mwenyewe. Kumfuta mwene wa Milansi kungekifanya kigoda kuwa gogo la kawaida. Hivyo aliachwa na Itwelele yake, na akaachwa pia ndani ya simulizi akiwa na maono yake. Willis yuko sahihi kwamba kichwa na kiuno vinahitajiana. Kinachoongezwa hapa ni kwamba uhitaji huo ulikuwa na watu walioujua, nao waliulinda kila waliposimulia.

Kuna matokeo ya kiuainishaji. Mwanafunzi wa fasihi simulizi akikutana na mtu aliyeshuka kutoka mbinguni huandika "kisasili" na kuendelea na kazi nyingine. Mulokozi (1989) alikiweka kisasili ndani ya salua, pamoja na kisakale, mapisi, tarihi na kumbukumbu, yaani katika kundi la masimulizi yanayochukuliwa na wenyewe kuwa ya kihistoria. Sehemu hiyo ya uainishaji wake hukaririwa kuliko inavyotumiwa. Kama Milansi ni salua, basi inastahili maswali yaleyale anayoulizwa Abu al-Fida: nani anasema, kwa idhini ya nani, na amemwacha nani ndani ya habari ingawa angeweza kumtoa.

Maswali hayo yanakabiliwa na kikwazo cha lugha. Maelezo makubwa ya mwanzo kuhusu Ufipa yaliyochapwa yako katika Aux rives du Tanganika (1913) ya Askofu Adolphe Lechaptois wa Mapadri Weupe, kwa Kifaransa. Kazi za Willis ziko kwa Kiingereza. Msomaji wa Sumbawanga anayesoma Kiswahili hukutana na Ntatakwa akiwa amevuka lugha mbili au tatu, na katika kuvuka huko msimulizi ndiye aliyepotea kwanza: ukurasa humtaja mkusanyaji, na mara nyingi hausemi kama aliyesimulia alikuwa mtu wa Milansi, wa Nkansi au wa Lyangalile. Kwa hoja ya deni hilo ni pengo kubwa, kwa sababu mdai na mdaiwa hawasimulii kwa sauti moja hata wanapotumia maneno yaleyale. Tangu mamlaka ya machifu yafutwe Tanganyika mwaka 1963, hakuna tena kigoda kinachomlazimisha yeyote kuitaja Milansi. Anayeisimulia sasa anaisimulia bila kudaiwa, na toleo lake linapaswa kurekodiwa likiwa na jina la kijiji na ukoo wake kabla halijalinganishwa na yale ya Willis.

Huko Hama, Abu al-Fida alizikwa mwaka 1331 katika msikiti alioujenga mwenyewe. Mwanawe al-Afdal alirithi, akaondolewa mwaka 1341, na ukoo haukurudi tena. Mukhtasar iliendelezwa na Ibn al-Wardi, mtu asiye wa ukoo huo, aliyeifikisha mwaka 1349 na kuandika humo habari za kifo cha mtungaji wake wa kwanza.